Majigambo Yale Yalikuwa Yako, Mama Kemilembe

Mke wangu mpendwa, Mama Kemilembe,

Nimeficha jambo moja tangu tulipooana, nawe ukanisaidia kulificha mpaka ukaingia nalo kaburini. Majigambo ambayo watu wa Nyabiyonza wananijua kwayo, yale ninayoyaghani kwenye harusi wanawake wakapiga vigelegele, sikuyatunga mimi. Uliyatunga wewe, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Siku hizi yanapigwa kwenye simu za vijana kuanzia hapa mpaka kwenu Mabira, na kila anayeyasikia husema, "Huyo ni Mwalimu." Si Mwalimu. Ni wewe.

Ninakuandikia nikiwa kitandani, nimeegemezwa kwa mito. Moyo umechoka na miguu imevimba. Daktari hakuniambia mimi, alimwita Kemilembe pembeni, lakini uso wa Kemilembe haujui kuficha kitu, na hilo amelirithi kwako. Naandika mistari michache, nalala kidogo, naendelea. Usiushangae mwandiko. Ule uliokuwa ukiusifu umekwisha. Na usinikasirikie kwamba barua hii naiacha wazi. Nimemwambia Kemilembe, nikishaondoka, isomwe mbele ya watu.

Unakumbuka siku zile kabla sijaenda kwa baba yako mara ya kwanza nikiwa mkwe? Nilijua nitasimamishwa nijigambe. Kwetu mwanaume hakuazima majigambo. Alishika fimbo, akasonga mbele, akalitaja jina lake la sifa na mambo aliyoyatenda, na aliyethubutu kughani ya mwenzake alizomewa mpaka akakaa chini. Nami nilikuwa kijana aliyetoka chuo cha ualimu, mtu wa kusahihisha insha. Nilikaa mezani nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilipokusomea ulicheka mpaka ukashika mbavu.

"Hii ni risala, waitu," ulisema. "Baba atadhani umekuja kufungua shule."

"Basi niseme nini? Sijaua chui. Sijapigana na mtu."

Ulikuwa umekaa kwenye mkeka unachambua kahawa, mbovu huku, nzima kule. Mikono yako haikusimama. Ukaanza kusema kwa sauti ya chini, kwa Kinyambo, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Baadaye niliyageuza kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wangu, ingawa nguvu yake nusu ilibaki kwenye lugha yetu:

Mimi ndimi Asiyetua!
Njia iliteleza, mimi sikuteleza.
Mto ulifurika, nikauambia, ngoja nipite.
Nilimbeba mtu mgongoni mvua ikinichapa,
waliotaka kunipokea niliwaambia, bado,
nikamfikisha akiwa anapumua.

Niliijua habari hiyo. Ulikuwa msichana tu wakati mdogo wako Jovita alipoumwa na nyoka shambani, baba yenu akiwa safarini, nawe ukambeba mgongoni kutoka Mabira mpaka kwa waganga wa misheni, mvua ya masika ikinyesha. Jovita alipona kwa sababu yako.

"Lakini haya umeyatenda wewe," nilisema. "Nitasemaje ni mimi niliyembeba?"

"Utasema 'mimi'. Nani atakudai zaidi ya hapo?"

"Na wewe?"

"Mimi nitasimama wapi niyaseme? Jikoni?"

Ulisema huku ukicheka, nami nikacheka. Nilichukua kicheko chako kuwa ruhusa. Labda kilikuwa ruhusa, ya siku ile. Sikukuuliza tena kama ilikuwa ya maisha yote.

Kwa baba yako nilisimama, nikaghani. Alinitazama mpaka mwisho, kisha akakutazama wewe uliyekuwa umesimama mlangoni na kikapu, akacheka peke yake, akaninyooshea kahawa za kutafuna. Wakati ule nilidhani amenikubali. Sasa najua alikuwa amemsikia binti yake.

Baada ya hapo nikaitwa kila mahali. Harusi haikukamilika bila Mwalimu. Nilipewa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla ya wazee walionizidi umri, nikatengewa mbavu za mbuzi, nikaanza kutembea kama mtu aliyevuka mto kweli. Wewe ulikaa na kina mama kwenye majani ya migomba. Kila nilipogeuza macho nilikuona unachezesha midomo. Ile siku ya harusi ya mpwa wangu nilisahau. Nilifika kwenye mstari wa mto, kichwa kikawa cheupe, nimeinua fimbo juu na sina neno. Ukakohoa, halafu ukasema kwa sauti ya kusikika: "Nikauambia, ngoja nipite!" Nikadaka pale, nikaendelea. Kina mama waliangua kicheko.

"Mwone huyu," mmoja akasema, "amelala na majigambo ya mumewe mpaka yameingia kichwani!"

"Yameingia," ukajibu, "na hayalipi kodi."

Watu walicheka zaidi. Mimi nilicheka kuliko wote. Kama kungekuwa na siku rahisi ya kusema ukweli, ilikuwa ile. Ningenyoosha fimbo tu upande wako.

Darasani nilikuwa hodari wa fasihi simulizi. Niliwafundisha vijana kwamba katika majigambo mtunzi, mghani na mhusika ni mtu mmoja. Kwamba "mimi" wa majigambo ni mimi wa kweli. Nikawaghania mfano. Siku moja mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, yule mtu ulimbeba wapi?" Nikatabasamu, nikageukia ubao. Vita vilikuwa vimepita karibuni, na kabla ya mwisho wa muhula ilishajulikana kijijini kwamba Mwalimu alimbeba askari aliyejeruhiwa. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Mwanetu Mugisha amekua akiiamini habari hiyo na amewasimulia watoto wake. Wewe uliisikia mezani kwako mwenyewe, unampakulia ndizi, na ukaniuliza tu kama naongeza mchuzi.

Kisha ikaja siku ya kumuaga Kemilembe akienda kuolewa. Wageni walikuwa wameshaanza kuingia kwenye kibanja, shamba letu la migomba linaloizunguka nyumba. Ulinifuata chumbani nikiwa nafunga tai.

"Baba Kemilembe, leo nisimame mimi."

"Usimame ufanye nini?"

"Unajua."

Nilijifanya kuitafuta kofia. "Watu watasemaje?"

"Watasema mke wa Mwalimu amejigamba mbele ya bintiye. Kesho watakuwa wamesahau, watarudi kwenye mibuni yao."

"Labda siku nyingine," nikasema.

Uliinyoosha tai yangu, ukarudi kumenya ndizi. Nje nilighani kwa nguvu kuliko siku zote. Watu walisema siku ile nilikuwa na moto. Nilikuwa na aibu, na sauti kubwa ilinisaidia kuifunika.

Ulipougua, nilikaa karibu na wewe na nikawa na wakati wa kutosha wa kusema. Tuliongea kuhusu ng'ombe, kuhusu paa la jiko, kuhusu nani atapewa kanga zako. Jovita alikuja, akakushika mkono, akasema, "Leo ningekubeba mimi." Ukacheka kwa macho. Nikatoka nje. Naye Jovita amekufuata, na wale kina mama wa majani ya migomba wamekufuata, karibu wote. Nimebaki mimi ninayejua.

Sasa sikiliza yaliyotokea, maana hukuziona siku hizi. Kwenye harusi ya mjukuu wetu nilighani kwa taabu, nimeshikiliwa kiuno. Vijana wakanirekodi kwa simu. Wakarushiana. Pale Omurushaka kuna vibanda ambako mtu analeta simu yake anajaziwa nyimbo, na mimi nikawekwa humo katikati ya kwaya na muziki wa vijana. Bodaboda wanapita barabarani na sauti yangu. Mtu wa Mabira alimwambia Mugisha kwamba kwenu kuna mtoto mdogo anayajua yote kwa moyo, anajipiga kifua na kusema yeye ni Asiyetua. Niliposikia hilo nililia, na watoto wakadhani ni furaha. Kidogo ilikuwa furaha. Maneno yako yamerudi nyumbani kwenu, lakini yamerudi yakiwa na jina langu.

Halafu kijana mmoja wa Ndama, mwanamuziki, anaitwa Evodius, akaichukua ile sauti, akaiwekea ngoma na kinanda chini yake, naye akaimba katikati. Wimbo ukapendwa. Mugisha aliwaka.

"Wamekuibia, Taata! Mtu anakula jasho lako, wewe huna hata dawa!"

"Ameliinua jina la Taata," Kemilembe akasema. "Nani mjini alikuwa anamjua?"

"Jina halinunui dawa."

Walibishana hivyo siku nyingi, kila mmoja akiniuliza mimi. Mugisha anasema kazi ya mtu ni kama kibanja chake, huwezi kuingia ukakata mkungu kwa sababu tu hakuna uzio. Kemilembe anasema maneno si ndizi, ukimpa mtu unabaki nayo. Wote wawili wana hoja. Nami, mtu niliyefundisha hoja maisha yangu yote, nilinyamaza, kwa sababu mwenye kibanja si mimi, na aliyekata mkungu wa kwanza hakutumia simu.

Juzi Evodius alikuja mwenyewe. Sikumtarajia. Aliacha pikipiki mbali, akaingia kwa miguu, amemkumbatia jogoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuomba kile nilichokwisha kuchukua."

"Yaani mwizi amerudi na kuku!" Mugisha akasema.

"Jogoo," Evodius akamrekebisha, "na ni mkali." Hata Mugisha alicheka. Kisha kijana akaeleza, na alieleza vizuri. Wimbo wake umesambaa, lakini unasambaa bure. Watu wanautoa kwenye simu hii wanauweka kwenye ile, na yeye anapanda jukwaani watu wote wanauimba, halafu anaomba nauli ya kurudi. "Naujua uchungu wake, mzee. Nikajiuliza, kama mimi inaniuma, huyu mzee wa Nyabiyonza je? Sasa kuna watu mjini wanataka kuutumia wimbo kihalali na kuulipia. Wanataka usajiliwe. Mwimbaji ni mimi, hilo liko wazi. Wanauliza mtunzi wa majigambo ni nani, ili haki yake impate yeye na watoto wake."

Mama Kemilembe, sijawahi kuulizwa swali lile hivyo, uso kwa uso, na mtu anayesubiri jibu.

"Andika Adelina," nikasema. "Adelina wa Mabira. Mke wangu."

Evodius alinitazama kwa upole. Kemilembe akaweka mkono mdomoni, machozi yakamlengalenga. "Jamani, Taata," akasema, "unampenda Maawe mpaka leo."

"Sisemi kuhusu mapenzi. Nasema ametunga yeye."

"Taata amechoka," Mugisha akamnong'oneza kijana.

"Sijachoka! Hakuna askari niliyembeba. Sijambeba mtu yeyote. Aliyebebwa ni shangazi... ni mama yenu mdogo Jovita, na aliyembeba ni mama yenu!"

Ulimi uliniteleza pale, nikamwita Jovita shangazi, na nikaona wanatazamana. Nilitegemea wakasirike, hasa Mugisha na askari wake. Badala yake Kemilembe alipiga magoti kando ya kitanda akanishika mikono. "Kumbe! Kumbe miaka yote ulikuwa unamsifu Maawe ndani ya majigambo yako na hukutuambia! Umesikia, Mugisha? Umeona Taata alivyompenda?"

Mugisha akainamisha kichwa. Mwanetu yule mgumu alikuwa analia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilijivua sifa, wakanivika nyingine, nzuri kuliko ya kwanza. Nilisema tena, nikarudia, na kila nilivyorudia ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Evodius alisema kwa adabu kwamba anaweza kuandika mwanzoni kuwa wimbo ni kwa kumbukumbu ya mama. Nikamwambia si kumbukumbu, ni mtunzi. Akakuna kichwa.

"Mzee, mimi nakuamini," akasema, ingawa hakuniamini. "Ila wale wa mjini watauliza. Yupo aliyemsikia mama akiyasema?"

"Wamekufa."

"Sauti yake je? Haipo popote, hata kidogo tu? Ningeiweka mwanzoni, kabla ya yako. Watu wangesikia wenyewe."

"Haikuwahi kuwepo," nikamjibu.

Akaaga. Atarudi wiki ijayo na karatasi, na wanangu wameshakubaliana litaandikwa jina langu. Jogoo amefungwa jikoni, anawika ovyo. Tangu siku ile Kemilembe ananilisha uji kwa kijiko na kunitazama kama mtu anayemtazama mume wa mfano. Huwezi kujua jinsi macho yale yanavyouma. Nikifa hivi nilivyo, nitazikwa nikiwa mtunzi na mpenzi hodari, na wewe utabaki ukitajwa ndani ya wimbo wa mtu mwingine, mke aliyesifiwa. Wajukuu wetu watalipwa kwa jina langu kwa ajili ya mvua iliyokuchapa wewe.

Siilaumu simu. Simlaumu Evodius, amekuja mchana, kwa miguu yake, akaomba. Mimi niliishi na mwenye kazi nyumba moja na sikuomba hata mara moja.

Ninakukumbuka sana, Adelina. Naukumbuka mkeka wa kahawa, na vile ulivyokuwa ukipuliza maganda bila kuacha kuongea. Kibanja chako kimetunzwa, ingawa migomba ya upande wa bonde imeshikwa na ugonjwa na Mugisha ameing'oa. Mahali ulipolala pamepandwa maua na Kemilembe. Nafasi iliyo kando yako ni yangu na sioni kama iko mbali. Kwa hiyo sikuagi kwa maneno marefu. Nakuaga kwa kusema jambo moja ambalo wanangu watakapolisikia likisomwa hawatasema tena kwamba baba yao alisema kwa mapenzi, maana mtu hawezi kulisema kwa mapenzi. Na baada ya kulisikia, naomba wamwambie Evodius ni jina gani la kuandika.

Nilimdanganya kijana. Sauti yako iliwahi kuwepo.

Ni baada ya ile ndoa ya Kemilembe, tuliponunua redio ya kaseti kwa mavuno ya kahawa. Nilitoka shuleni mapema, nikafika mlangoni, nikakusikia. Ulikuwa umekaa mbele ya redio, umejifunika kanga mabegani kama unakwenda kanisani, vitufe umevibonyeza, nyumba tupu. Ulikuwa unaghani. "Mimi ndimi Adelina, Asiyetua." Hukuniona. Nilirudi nyuma mpaka kwenye migomba, nikakaa huko hadi ulipokwenda kuchota maji. Kisha nikaingia, nikairudisha kaseti mwanzo, nikaisikiliza yote. Mbuzi alisikika kwa mbali, na pumzi yako. Pale ninapopiga kelele mimi, wewe ulishusha sauti. Ulipofika "nikamfikisha akiwa anapumua" ulikaa kimya kidogo, kama unamsikiliza Jovita mgongoni kama bado anapumua. Nilielewa kwamba miaka yote ile sikuwahi kuyaghani, nilikuwa nayapigia kelele tu, na kwamba yeyote atakayeisikia kaseti ile hataniita tena kughani.

Nikairudisha mwanzo tena. Nikabonyeza vitufe vya kurekodi. Nikaghani mimi juu yako, polepole, mpaka nikawa na hakika hapakubaki hata pumzi.

Baada ya siku chache uliiwasha, nikiwa mezani nasahihisha madaftari. Ukaisikia sauti yangu ikitoka mahali ulipoiweka yako. Uliisikiliza mpaka mwisho. Ukazima redio. "Umeghani vizuri, Baba Kemilembe," ukasema, ukatoka kwenda kugeuza kahawa juani.

Sikuifuta kwa bahati mbaya. Niliifuta nikijua ninachofuta.

Mumeo,
Baba Kemilembe